Ombi la Kuhamishwa kwa Programu ya Bluu ya Ngoma

Paskalina Mihayo (Mama Nelly),
Nyumba ya tatu kutoka karasha la kwanza,
Mtaa wa Makarasha,
Geita.
Alhamisi, 18 Julai 2024

Ndugu Bujiku,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mtaa wa Makarasha.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MUME WANGU KUSHINDWA KUCHAGUA KATI YA PROGRAMU MBILI ZA NGOMA, NA MTOTO KUTOLALA

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya kiofisi haina shikamoo, lakini wewe ni rika la baba yangu mzazi, na Nelly alipozaliwa ulikuja kumwona. Kwa hiyo nimeiweka. Kama ni kosa, ikatwe yenyewe tu, barua iliyobaki iendelee.

Naomba radhi pia kwa mwandiko. Naandika kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto una Nelly, miezi saba, kilo tisa, na kuna mistari ambayo tumeiandika wawili. Hilo doa la pembeni si muhuri, ni uji.

Mimi si mtu wa kushtaki watu. Mwezi wa tatu ng'ombe waliingia kwenye mchicha wangu wakala mpaka mizizi, nikanyamaza, na ng'ombe wale nawajua na mwenye nao namjua, anasoma barua hii. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Ninachoomba ni kidogo. Naomba saa mbili. Saa nane mchana hadi saa kumi. Hizo ndizo saa Nelly alikuwa analala, na mimi nalala pembeni yake, miguu nje ya neti. Saa hizo zilikuwepo nyumbani kwangu, kila siku, mpaka tarehe 7 Juni. Leo ni siku ya arobaini na moja hazipo, na aliyezichukua namjua kwa jina na kwa rangi.

Kabla ya malalamiko nieleze kitu chenyewe, maana Ndugu Mtendaji ametoka Mbeya na najua barua zako anazisoma yeye kwanza.

Mume wangu Marcel asubuhi yuko karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kama wanaume wengine wa mtaa huu. Mchana ana studio. Studio ni chumba chetu cha pili, kimetengwa na chumba cha kulala kwa ukuta wa plaiwudi, na upande wake amebandika trei za mayai. Anarekodi nyimbo za harusi, kwaya, na ngoma zetu za Kisukuma. Zamani mpiga ngoma alikuwa anakuja na ngoma yake, anapiga, anakula, anaondoka. Siku hizi ngoma inarekodiwa pigo moja tu, linaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta inalipiga kila Marcel anapobonyeza kitufe. Programu inayofanya kazi hiyo ni kama nyumba ya wageni. Ina vyumba, na kila chumba kina mpiga ngoma aliyelala. Ukibonyeza anaamka, anapiga mara moja, analala tena. Nimetamani sana kuwa mmoja wao.

Sasa Marcel anazo mbili. Ya kwanza ina alama nyekundu. Ina vyumba kumi na sita na kila chumba mtu mmoja. Ukibonyeza taratibu anapiga, ukibonyeza kwa nguvu anapiga vilevile, ila sauti inakuwa kubwa. Ya pili ina alama ya bluu. Hiyo nayo ina vyumba kumi na sita, lakini kila chumba kina watu wanane, kuanzia mpole kabisa hadi mkali kabisa. Ukibonyeza taratibu anatoka mpole, ukibonyeza kwa nguvu anatoka mkali, ili msikilizaji asijue kwamba ni mashine. Kompyuta yetu ni ya zamani. Ukizifungua zote mbili inasimama kama punda aliyeona daraja. Kwa hiyo moja ibaki, moja itoke. Hilo tu, Ndugu Mwenyekiti. Mtu mwingine angechagua asubuhi halafu akanywa chai.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba programu ya bluu haishibi.

Nyekundu ukiipa pigo moja inashukuru. Bluu inataka kila ngoma ipigwe mara nane, kila pigo lizidi la kabla yake kidogo. Marcel alisafiri hadi kwao Kolandoto kuchukua ngoma ya baba yake, akarudi nayo kwenye basi ameipakata kama mgonjwa. Akaanza. La kwanza kama mvua ya kwanza kwenye bati. La pili limezidi kidogo. Nelly alikuwa amelala. La tatu likamwamsha. Kufika la tano kuku akalia nje, Marcel akasema pigo limeharibika, akaanza tena la kwanza.

Siku hiyo niligonga plaiwudi kwa kucha mbili, kama mgeni anayeogopa mbwa. Kisha nikamsikia Marcel upande wa pili anasema kwa upole, "Wabeja, Mama Nelly." Ndugu Mtendaji, wabeja kwetu ni asante. Nikafurahi. Nikasema nimeolewa na mtu anayesikia. Baada ya dakika tano akaendelea na la sita.

Kesho yake niligonga kwa kifundo cha kidole. "Wabeja." Halafu akaendelea.

2. Kwamba kinachomwamsha mtoto si kelele, ni kusitasita.

Najua utasema mtaa wetu una makarasha kumi na moja na mtoto alizaliwa humo. Ni kweli. Nelly analala karasha likisaga, na likizimwa ndipo anashtuka. Lakini karasha lina msimamo. Likianza kusaga linasaga. Halisimami katikati ya jiwe likasema, "Ngoja nisikie tena." Mume wangu anapiga, ananyamaza, anavuta pumzi, anapiga tena lilelile, ananyamaza, anasema "mh." Hiyo "mh" ndiyo mtoto hawezi kuizoea. Hata mimi naisubiri.

3. Kwamba kila anayepita mlangoni kwetu amefanywa jaji.

Marcel anakuvalisha hedifoni. Anabonyeza nyekundu, anasema, "Hii." Anabonyeza bluu, anasema, "Au hii." Mtu mwenye akili zake anasikia ngoma, halafu anasikia ngoma. Mimi nilimwambia zinafanana. Akaniangalia kama nimesema watoto wote wanafanana. Siku iliyofuata nikawa mjanja, nikasema, "Ya pili." Akauliza, "Kwa nini?" Nikasema basi ya kwanza. Akasema, "Na mimi nilihisi hivyohivyo," akafungua ya pili.

Mwamvua, yule dada anayetuletea dagaa kutoka Chato, alikalishwa studio dakika arobaini na ndoo yake ikiwa nje. Alipotoka, bata wa jirani walikuwa wamelala kuizunguka, wameshiba hawawezi kusimama. Mimi nilimtegemea Mwamvua, ni mtu mzima, ametembea. Akaniambia, "Mwenzangu, nyekundu ni mtu anayebisha hodi ana haraka. Lakini hiyo bluu, weee! Hiyo ni mtu anayebisha hodi anajua upo ndani na hutaki kufungua." Tangu hapo anakuja bila ndoo. Anasikiliza, anaondoka.

Siku hiyo niligonga kwa kiganja kizima. Marcel akasema, "Wabeja. Hebu rudia kidogo, sijasikia vizuri." Niliogopa kwamba masikio yake yameanza kuharibika, nikarudia kwa huruma.

4. Kwamba mtaa umegawanywa, na utagawanywa tena keshokutwa.

Hili ndilo lililonikalisha chini niandike.

Ndugu Mtendaji, ujue kwamba sisi Wasukuma tukitaka kufahamu nani anajua ngoma huwa hatuulizani. Tuna vyama viwili vya ngoma. Baada ya mavuno Wagika wanajipanga upande huu, Wagalu upande ule, wanacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wako huru kuhama. Aliyebaki na watu wengi ndiye mshindi. Ni utaratibu mzuri na babu zetu waliutumia kwa watu. Sijawahi kusikia umetumika kwa kompyuta.

Ijumaa ya wiki iliyopita Marcel alishinda anaandaa mashindano. Aliingiza wimbo mmoja kwenye flashi mbili, flashi moja umepigwa na nyekundu, nyingine umepigwa na bluu. Niligonga plaiwudi kwa soli ya kandambili. Akasema wabeja mara mbili.

Jumamosi, saa nane kamili, spika moja ilikuwa kona ya karasha inapiga nyekundu, na nyingine kona ya kanisa inapiga bluu. Nyumba yetu iko katikati. Nimepima kwa hatua, themanini na mbili kila upande. Nelly alikuwa anapokea nyekundu kwa sikio la kulia na bluu kwa la kushoto, akawa anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayetazama mpira. Kufika saa tisa nyekundu ilikuwa imekuwa ya Wagalu na bluu ya Wagika, sijui nani aligawa. Mtu mmoja alimwaga dawa ya kuvuta watu mbele ya spika. Spika, Ndugu Mwenyekiti, kitu kinachotumia umeme.

Na watu walihama. Kwa heshima zote, na wewe ulihama. Nilikuona dirishani kwangu ukipita mara tatu na kiti chako.

Kisha kwenye bluu likatoka pigo moja, zito, kavu, lina kama uchungu ndani yake. Kona nzima ya kanisa ikapiga kelele, "Hilo! Hilo!" Watu wa kona ya karasha wakaja mbio. Mzee mmoja akavua kofia, akamuuliza Marcel ngoma ile imewambwa ngozi gani. Marcel huwa anajibu maswali ya ngoma hata hayajaisha. Safari hii aliangalia chini akasema, "Ni ya hapahapa nyumbani, baba."

Bluu ikashinda. Nikashukuru Mungu, nikasema yameisha. Ndipo ikasemwa kwamba kona ya kanisa ina kivuli, watu wamefuata kivuli, hawakufuata ngoma. Wagalu wakashangilia, Wagika wakazomea, na ikaamuliwa Jumamosi hii mashindano yarudiwe, wabadilishane kona. Aliyeamua, naandika kwa unyenyekevu, ni wewe.

5. Kwamba wakwe zangu hawaongei.

Baba mkwe ni Mgika, mama mkwe ni Mgalu. Wameishi pamoja Kolandoto miaka thelathini na minane, wanataniana vizuri tu. Marcel akawapigia simu, akawawekea mapigo yote mawili kupitia kisimu chao cha tochi, ambacho hata sauti yangu kwenye hicho kisimu ni kama ya nzi. Baba akasema bluu. Mama akasema, "Ngoma hiyo nimeisikia kabla sijakuzaa, nyekundu ndiyo inaipiga kama baba yako alipokuwa na nguvu." Baba akauliza alipokuwa na nguvu ndiyo lini. Tangu jioni ile kila mmoja anamtumia mwenzake salamu kupitia kwangu. Nimeambiwa nimwambie baba kwamba ugali uko tayari. Mimi niko Geita.

Siku hiyo niligonga kwa mwiko, na ulikuwa na ugali.

6. Kwamba Mageni bado ni bwana harusi wa wimbo usiokuwepo.

Mageni ni mwimbaji, kijana mwenye adabu, anakuja na shati jeupe kila Jumanne. Alileta wimbo wa harusi ya dada yake mwezi wa sita mwanzoni, dakika nne, anasubiri ngoma tu. Harusi imefungwa bila wimbo. Wimbo unasema bibi harusi anaingia, na bibi harusi ameshaingia, ametulia, na juzi Mageni amesema dada anatapika asubuhi. Sasa anaomba abadilishe maneno uwe wimbo wa kumpokea mtoto. Mimi, kama mzazi, nilimshauri aandike kabisa wa kuanza darasa la kwanza, awe mbele ya Marcel kidogo. Hakucheka. Alikaa kwenye benchi akasema, "Shemeji, mimi nakubaliana na yoyote. Hata debe." Marcel alimsikia, akaleta debe, akalipiga mara nane.

Niligonga kwa ngumi. Mageni naye akasema wabeja.

7. Kwamba programu hizi sasa ni wakazi, na kwa hiyo ziko chini yako.

Nimefikiri sana hapa, wakati wa kunyonyesha, maana ndio muda wangu wa kufikiri. Mgeni akikaa kwako siku tatu unamlisha. Akikaa wiki mbili unamtambulisha kwa balozi. Hizi zimekaa siku arobaini na moja. Zinatumia umeme wetu, zinaongelewa mezani, wakwe wanaziulizia hali kabla ya kuniulizia mimi. Tena bluu ina watu wanane kila chumba. Nimezidisha: nyumba yetu ina wapiga ngoma zaidi ya mia moja, na kwenye daftari lako imeandikwa kaya ya watu watatu. Kama ni wakazi, siku ya msaragambo wa kuzibua mtaro walikuwa wapi? Sungusungu wamewahi kulinda zamu gani? Nilienda peke yangu kwenye mtaro, na mtoto mgongoni, nikiwakilisha watu mia na kitu.

Nilimuuliza pia katekista kama mwanaume mwenye ndoa ya kanisa anaruhusiwa kuwa na mbili. Akasema Kanisa halijatoa neno kuhusu programu. Kisha akaomba kusikiliza.

Nyekundu sina ugomvi nayo mkubwa. Mimi ngoma sizijui lakini wageni nawajua. Chumba kimoja mgeni mmoja, hiyo ni nyumba. Chumba kimoja watu wanane, wa kwanza mpole na wa mwisho mkali, na haisemi imetosha mpaka imempata huyo wa mwisho, hiyo ni fujo hata kama inaitwa muziki. Bila bluu, mume wangu angebaki na moja, na mwenye moja hana cha kuchagua.

Jana, saa nane na dakika kumi, Nelly alikuwa amefumba jicho moja. Jicho moja, Ndugu Mwenyekiti, nusu ya kazi ilikuwa imefanyika. Marcel akasema "mh." Nikachukua mchi wa kinu nikaupiga kwenye plaiwudi, kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa na mtoto. Trei mbili za mayai zilianguka upande wa pili. Marcel akasema, tena kama mtu anayetaka kulia, "Wabeja sana, Mama Nelly. Imebaki kidogo tu."

Sijaelewa kimebaki nini. Nilianza kwa kucha, nikaja kwa kifundo, kiganja, kandambili, mwiko, ngumi, mchi. Baada ya mchi mimi sina kingine isipokuwa Serikali.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Programu ya bluu ihamishwe kutoka nyumba ya tatu kabla ya Jumamosi, kwa barua yenye muhuri. Marcel anaheshimu muhuri.

(b) Mashindano ya Jumamosi yafutwe. Kama hayafutiki, yafanyike saa nne asubuhi, Nelly akiwa macho kwa hiari yake.

(c) Kama (a) na (b) zitaishinda Serikali, basi mimi na Nelly tupewe nafasi ya mkeka ndani ya banda la karasha, saa nane hadi saa kumi, kila siku, tulale mahali penye kelele za kawaida.

Simchukii mume wangu, lisieleweke hivyo. Marcel ni mtu mzuri, anafua nepi bila kuambiwa, na akishika ile ngoma ya baba yake anakuwa kama mtoto aliyeonyeshwa mwezi. Ndiyo maana sijamshtaki yeye. Nimeshtaki programu.

Naishia hapa, wino haujaisha ila mkono umechoka. Nisalimie mama nyumbani na wajukuu. Nimsalimie Ndugu Mtendaji, na kwao Mbeya, poleni na baridi. Katekista naye, akimaliza kusikiliza. Mwamvua ukimwona mwambie ndoo yake iko kwangu. Bata wamepona.

Ni mimi mwananchi wako, niliye macho,

Paskalina Mihayo
(Mama Nelly)

Nyongeza, saa tisa na nusu.

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimeshakunja karatasi. Nikagundua naandika kwa mikono miwili. Nelly amelala. Sijui amelala tangu namba ngapi. Tangu nianze kuandika hapajapigwa hata pigo moja upande wa pili, nami nilidhani Marcel ameogopa barua.

Nikamlaza vizuri, nikaenda studio kuomba bahasha. Marcel alikuwa amekaa mbele ya plaiwudi, hedifoni masikioni, hajagusa kitu, anangoja. Maiki ilikuwa imening'inizwa kwenye hiyo plaiwudi, pale hasa ambapo upande wa pili pana kitanda chetu. Kwenye kompyuta programu ya bluu ilikuwa wazi, chumba kimoja tu, na watu wake wameandikwa kwa mpangilio: Mama Nelly 1, Mama Nelly 2, Mama Nelly 3, mpaka Mama Nelly 7. Mstari wa nane umeandikwa "bado."

Nilifikiri amekusanya ushahidi wa kunipeleka kwako. Kisha nikabonyeza.

Mwenyekiti, ile kucha yangu. Ipo. Na kifundo. Na kile kiganja nilichorudia kwa huruma. Nilipofika namba nne nikajua ndilo pigo lililokuhamisha na kiti chako. Ile ngoma ambayo mzee aliivulia kofia ni plaiwudi, soli ya kandambili, na mimi.

Nikamuuliza na nyekundu je, imeniweka wapi. Akanionyesha. Ina nafasi ya mmoja tu, amechagua ngumi. Yaani kwa nyekundu mimi nina hasira ya aina moja, siku zote, ikiguswa kidogo au sana ni ileile, inaongezeka sauti tu. Bluu peke yake ndiyo inayojua kwamba huwa naanza kwa adabu.

Kwa hiyo ombi (a) lifutwe. Ukiihamisha bluu umenihamisha mimi. Ombi (b) na (c) pia. Jumamosi nitasimama upande wa bluu hata kama kivuli chote kiko kwa Wagalu.

Marcel anasema akipata pigo la nane kuchagua kumekwisha, studio itafungwa saa nane hadi saa kumi milele, na Mageni atapata wimbo. Lakini lile la mchi ni la mkono mmoja na linasikika ni la mkono mmoja. La nane linataka mikono miwili. Na hapo ndipo tumekwama. Nelly akiwa macho, mkono wangu mmoja ni wake. Nelly akiwa amelala mikono yote ninayo, lakini nani atapiga mchi ukutani na mtoto amelala? Si mimi. Kwaya yote ya parokia isimame hapo inisubiri, si mimi. Marcel naye hawezi kumshika, maana ndiye anayebonyeza.

Ninaomba basi jambo moja tu kwa Serikali ya Mtaa. Njoo kabla kidogo ya saa kumi, akiamka umpokee, unishikie kwa dakika mbili. Anakujua, hatalia. Waambie majirani wasishtuke.

Ukifika usigonge mlango. Nelly amelala, na maiki iko wazi.